Inda na Usimulizi: Historia ya Kuzisoma Hadithi Fupi za Roald Dahl

1.0 Utangulizi

Mwandishi mwenye inda humtia mhakiki katika tatizo ambalo mwandishi mpole hamtii. Msomaji huvutiwa na ustadi wake, huifuata hadithi hadi tamati kwa shauku, hucheka panapotakiwa kicheko, kisha hujiuliza ni nani aliyekilipia kicheko hicho. Neno inda linatumika hapa kwa makusudi. Ukatili ni sifa ya tendo: mtu anapigwa, anauawa, anadhalilishwa. Inda ni sifa ya moyo: ni ile hali ya kumtakia mwenzio mabaya na kuona utamu yanapomfika. Hadithi yaweza kusheheni ukatili bila ya kuwa na inda, kama zilivyo ngano nyingi za zimwi ambamo watoto humezwa na vijiji vizima huangamia. Vilevile, hadithi isiyomwaga damu hata tone yaweza kujaa inda.

Roald Dahl (1916–1990), Mwingereza aliyezaliwa Wales na wazazi kutoka Norwe, anajulikana zaidi kwa vitabu vyake vya watoto. Hata hivyo, jina lake lilijengwa kwanza na hadithi fupi za watu wazima zilizokusanywa katika Over to You (1946), Someone Like You (1953), Kiss Kiss (1960) na Switch Bitch (1974). Katika mikusanyo hiyo wahusika hulaghaiana, hulipizana kisasi na kuangamizana, na msimulizi huyaeleza hayo kwa sauti tulivu ya mtu anayepokea wageni sebuleni.

Makala haya yanafuatilia jinsi inda hiyo ilivyosomwa katika vipindi mbalimbali, na yanajaribu kuonyesha kwamba kila kipindi kilishika upande mmoja tu wa suala. Yanapendekeza kwamba swali lenye manufaa kwa mhakiki si iwapo mwandishi alikuwa mtu mwema, wala iwapo hadithi zake zinapendeza, bali ni nani anayelengwa na inda katika kila hadithi, na ni nani anayepewa kauli. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki suala hili si la mbali, kwa kuwa sehemu ya uandishi huo ilichipuka katika ardhi yao.

2.0 Kutoka Dar es Salaam hadi Washington

Dahl aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell mwaka 1934, na mwaka 1938 akatumwa Dar es Salaam, Tanganyika ikiwa wakati huo chini ya utawala wa Uingereza. Huko aliishi maisha ya kawaida ya Wazungu wa kikoloni: nyumba nzuri, watumishi wa nyumbani, safari za kikazi barani, na Kiswahili cha kutosha kuwaamrisha wafanyakazi. Vita vilipozuka Septemba 1939 alipewa jukumu la kuwaongoza askari Waafrika wa kikosi cha King's African Rifles katika kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi nchini humo. Novemba mwaka huo huo alijiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi, na huko akajifunza urubani.

Septemba 1940 ndege yake ilianguka jangwani, akaumia vibaya kichwani. Alirejea vitani mwaka 1941 akapigana Ugiriki, lakini maumivu ya kichwa yalimwondoa angani. Mwaka 1942 alipelekwa Washington kama afisa wa ubalozi. Huko alikutana na mwandishi C. S. Forester, aliyemtaka amwandikie maelezo mafupi ya yaliyompata ili ayatumie katika makala yake mwenyewe. Dahl aliandika hadithi kamili, na Agosti 1942 ikatoka katika jarida la Saturday Evening Post.

Mwanzo huo una uzito katika uhakiki. Hadithi za Over to You ni za marubani wanaokufa, na ukatili uliomo ni wa vita vyenyewe. Msimulizi ana huzuni kuliko kejeli. Inda inayotambulisha kazi zake za baadaye haijatawala bado, isipokuwa katika hadithi moja, nayo ndiyo inayotokea Kenya. Hadithi hiyo itajadiliwa katika sehemu ya nne.

3.0 Awamu ya kwanza: Inda kama burudani

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 Dahl alichapisha hadithi zake katika majarida ya Marekani yenye wasomaji wengi, likiwemo The New Yorker. Wasomaji wa awamu hii walimpokea kama fundi wa taharuki na wa miisho isiyotarajiwa. Chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi cha Marekani kilimtunuku tuzo ya Edgar mwaka 1954, kisha tena mwaka 1960 kwa hadithi ya "The Landlady". Alfred Hitchcock alizitumia baadhi ya hadithi zake katika vipindi vyake vya televisheni. Kati ya 1979 na 1988 televisheni ya Uingereza ilirusha mfululizo wa Tales of the Unexpected, ambao mwanzoni ulijengwa juu ya hadithi hizo.

Usomaji huo haukukosea, ila haukutosheka. Katika "Lamb to the Slaughter" (1953), Mary Maloney, mwanamke mjamzito, anaambiwa na mumewe polisi kwamba anaachwa. Anamuua kwa kumpiga kichwani na paja la kondoo lililoganda kwa barafu. Halafu analioka, na kuwakaribisha polisi waliokuja kuitafuta silaha waile. Msomaji anacheka pamoja na Mary. Sababu haiko katika mshangao wa mwisho pekee. Kabla ya kifo msimulizi amemwonyesha msomaji subira ya mwanamke huyo: jinsi anavyohesabu dakika za kurejea kwa mumewe, anavyomtengenezea kinywaji, anavyotaka kumletea hata ndara. Maneno ya mume ya kumwacha hayanukuliwi kikamilifu. Msimulizi anayapitia kwa ufupi, na ufupi huo unamfanya mume awe mtu asiyestahili hata kusikilizwa. Inda ya hadithi inaelekezwa kwa mwenye nguvu.

Hali ni hiyo hiyo katika "The Way Up to Heaven" (1954). Bi Foster ana hofu ya kuchelewa, na mumewe, kwa inda ya kimyakimya, humchelewesha kila safari. Siku ya kuondoka kwenda Paris kuwaona wajukuu, anaisikia sauti fulani nyuma ya mlango, anasita, kisha anaondoka peke yake. Wiki sita baadaye anarudi katika nyumba yenye harufu isiyo ya kawaida, na anampigia simu fundi wa lifti. Hadithi haisemi waziwazi kwamba alijua. Msomaji ndiye anayekamilisha mauaji hayo akilini mwake, na kwa kuyakamilisha anakuwa mshiriki.

"Genesis and Catastrophe", iliyomo katika Kiss Kiss, inakwenda mbali zaidi. Mama aliyekwisha kuzika watoto watatu anajifungua, na anamsihi Mungu amwachie huyu wa nne. Msomaji anaomba pamoja naye. Majina yanapojitokeza kidogo kidogo, inabainika kwamba mahali ni Braunau na mtoto ni Adolf Hitler. Anayelengwa hapa si mhusika yeyote bali msomaji mwenyewe: huruma yake, sifa anayojivunia, ndiyo iliyotumika kumnasa. Hata hivyo, hadithi haimdhihaki mama. Uchungu wake unabaki kuwa uchungu wa kweli hata baada ya jina kujulikana, na hapo ndipo penye uzito wake.

Mifano hii mitatu yaweza kumshawishi mhakiki kwamba inda ya Dahl daima ina haki ndani yake. Switch Bitch inauvunja ushawishi huo. Katika "The Great Switcheroo" wanaume wawili wanapanga kubadilishana wake zao usiku, gizani, bila wake hao kujua. Mwisho wa hadithi unamdhalilisha msimulizi, kwani anagundua kwamba mkewe hakuwahi kuridhika naye kabla ya usiku huo. Kiburi cha mwanamume kinapata adhabu, naam. Lakini kwamba wanawake wawili wameingiliwa kwa hila ni jambo ambalo hadithi hailitazami hata mara moja. Wamekuwa vyombo vya mzaha unaowahusu wanaume. Usomaji wa burudani haukuwa na istilahi ya kulitaja jambo hilo, kwa kuwa ulipima ufundi wa mtego bila kumwangalia aliyenaswa pasipo kosa.

4.0 Awamu ya pili: Swali la Afrika

Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Waraka huo haukumhusu Dahl. Athari yake, hata hivyo, ilikuwa kubadili mahali anaposimama msomaji: kazi za Ulaya zingesomwa kutoka Afrika. Mwaka 1975 Chinua Achebe, katika mhadhara wake kuhusu Joseph Conrad, aliuliza swali ambalo tangu hapo halijaweza kukwepwa: ina maana gani bara zima kugeuzwa mandhari ya msukosuko wa roho ya Mzungu mmoja? Kwa upande wa vitabu vya watoto, kitabu cha Dahl cha Charlie and the Chocolate Factory (1964) kilishutumiwa kwa kuwasawiri vibarua wa kiwandani kama mbilikimo Waafrika walioletwa masandukuni na kulipwa kwa kakao. Dahl aliwabadilisha rangi na asili katika toleo la 1973.

Swali la Achebe linaifaa sana hadithi ya "An African Story" iliyomo katika Over to You. Hadithi hii inadaiwa kupatikana miongoni mwa vitu vya rubani aliyekufa, naye aliisikia kwa mzee mmoja Mzungu anayeishi peke yake nyanda za juu za Kenya. Mzee huyo alikuwa na msaidizi aitwaye Judson, mtu asiyevumilia sauti ndogondogo, ambaye alimuua mbwa wa mzee kwa sababu alikerwa na mlio wa kujilamba kwake. Baadaye ng'ombe wa mzee anakosa maziwa. Mzee anakesha na kugundua kwamba koboko huja usiku kunyonya kiwele. Badala ya kumuua nyoka, anamwambia Judson kwamba mwizi ni mtoto wa Kikikuyu, na anamshawishi alale karibu na ng'ombe ili amkamate. Koboko anakuja na kumuuma Judson, naye anakufa huku mzee akitazama. Mzee anamwachia nyoka fungu la maziwa lililokuwa la marehemu.

Kama hadithi ya kisasi, kazi hii imesukwa kwa uangalifu. Muuaji wa mnyama anauawa na mnyama, na mzee hainui hata fimbo. Kwamba nyoka hunyonya ng'ombe ni imani iliyoenea katika jamii nyingi, ingawa wanabiolojia wanaikanusha, na imani hiyo inaipa hadithi ladha ya ngano. Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi ni chambo. Hadithi ina neno Afrika katika anwani yake, na inatokea katika nchi ya Waafrika, ilhali Mwafrika pekee aliye na kazi katika msuko wake ni mtoto asiyekuwepo. Anaishi katika uongo wa mzee tu. Na uongo huo unafaulu kwa sababu Judson hahitaji ushahidi: maziwa yamepotea, basi mwizi ni mtoto wa Kikikuyu. Mlowezi anakufa kwa kuuamini uongo ambao jamii yake ilikuwa imezoea kuusema.

Je, hadithi inalijua jambo hilo? Hapa pana mgogoro wa kiuhakiki usio na suluhisho jepesi. Kwa upande mmoja, msuko wenyewe unamwadhibu Judson kwa chuki yake, na msomaji aweza kuiona hiyo kuwa kinaya dhidi ya ulowezi. Kwa upande wa pili, lugha ya hadithi haionyeshi dalili yoyote ya kinaya hicho. Mzee anaichagua singizio hiyo kama mtu achukuavyo jembe lililo karibu, na si yeye, si rubani, si msimulizi anayeshangaa. Kifo cha mbwa kinapata majonzi. Kusingiziwa kwa mtoto hakupati hata sentensi moja ya majuto. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hadithi hii inayajua maumivu ya mbwa na kiu ya nyoka, lakini haijafikiria kwamba singizio nalo lina aliyechomwa.

Ulinganisho na kisa cha upanga unaongeza uzito wa hoja hii. Mwaka 1943 Dahl alichapisha katika The Atlantic Monthly hadithi iitwayo "The Sword", kuhusu mtumishi Mwafrika wa Dar es Salaam anayechukua upanga wa bwana wake na kumuua Mjerumani mwenye shamba la mkonge baada ya kusikia kwamba vita vimetangazwa. Katika kitabu cha kumbukumbu cha Going Solo (1986) kisa hicho kinarudi kama tukio la kweli, na mtumishi anaitwa Mdisho. Tofauti na mtoto wa "An African Story", Mdisho ana jina, ana kauli na ana tendo. Hata hivyo, kauli yake ni ya mtumishi mwaminifu asiyeelewa sheria za vita, na tendo lake linafasiriwa na bwana kwa upole wa baba kwa mwana. Ukatili wa Mzungu katika hadithi za Dahl huwa na sababu za kinafsia. Ukatili wa Mdisho unaelezwa kwa kabila lake na ushujaa wa mababu. Kupewa kauli, basi, si sawa na kupewa nafsi.

5.0 Awamu ya tatu: Mwandishi mbele ya matini

Mwaka 1946, mwaka uleule wa Over to You, Wimsatt na Beardsley walichapisha makala yao ya kupinga uhakiki unaotegemea nia ya mwandishi. Kwa miongo kadhaa mafundisho hayo yaliwalinda wasomaji wa Dahl dhidi ya Dahl mwenyewe. Kinga hiyo ilianza kupasuka mwaka 1983. Akizungumzia uvamizi wa Israeli nchini Lebanoni mwaka uliotangulia, Dahl hakuishia kuishutumu serikali. Katika mahojiano na jarida la New Statesman alitoa kauli dhidi ya Wayahudi kama watu, akidokeza kwamba chuki waliyofanyiwa ilikuwa na sababu ndani yao wenyewe. Alirudia msimamo wa namna hiyo mwaka 1990, miezi michache kabla ya kifo chake. Wasifu wake ulioandikwa na Jeremy Treglown (1994) uliongeza picha ya mtu mgomvi na mwenye majivuno. Mwaka 2020 ukoo wake uliomba radhi hadharani kwa kauli zile, na mwaka 2023 mchapishaji wa vitabu vyake vya watoto alizua mjadala mkubwa kwa kubadilisha maneno yaliyodhaniwa kuudhi, kisha akatangaza kwamba matoleo ya awali nayo yangeendelea kuchapishwa.

Awamu hii ililiona jambo ambalo awamu ya kwanza haikutaka kuliona, lakini ilileta hatari yake. Msomaji aliyekwisha kumhukumu mwandishi huisoma hadithi kama ushahidi wa kesi iliyokwisha kuamuliwa. Tarehe zenyewe zinakataa usomaji huo. Hadithi ya "Skin" ilichapishwa mwaka 1952, miaka 31 kabla ya kauli za 1983. Inamhusu mzee fukara, Drioli, aliyechanjwa mgongoni picha na mchoraji Chaim Soutine enzi za ujana wao. Soutine wa historia alikuwa Myahudi, na alifariki mwaka 1943 Ufaransa akiwa mafichoni kwa kuwahofia Wanazi. Katika hadithi Drioli anamkumbuka kwa mapenzi, na inda yote inawaelekea matajiri wa soko la sanaa wanaoitaka ngozi bila kumtaka mwenye ngozi. Hadithi hii haimsafishi mwandishi wa 1983. Inaonyesha tu kwamba matini haiwezi kukisiwa kutokana na kauli ya mwandishi, sawa na vile ambavyo kauli ya mwandishi haiwezi kufutwa na matini.

6.0 "Poison" kama kipimo

Hadithi inayolikabili suala hili ana kwa ana zaidi ni "Poison", iliyochapishwa mwaka 1950 na kuingizwa katika Someone Like You. Inatokea India. Timber Woods anarudi nyumbani usiku na kumkuta mwenzake, Harry Pope, amelala kitandani bila kutikisika, akinong'ona kwamba nyoka mwenye sumu kali amelala juu ya tumbo lake chini ya shuka. Anaitwa Daktari Ganderbai, Mhindi. Anamdunga mgonjwa dawa ya kuzuia sumu, anapitisha mpira chini ya shuka na kumimina klorofomu, kisha shuka inafunuliwa taratibu. Hakuna nyoka. Daktari anapouliza kwa adabu kama Harry ana hakika alimwona, Harry anaruka na kumporomoshea matusi ya kibaguzi.

Taharuki yote ya hadithi imejengwa juu ya nyoka, na sumu inatoka kinywani mwa mgonjwa. Ganderbai ndiye mtu pekee mwenye maarifa, utulivu na ujasiri chumbani humo. Msimulizi, Timber, anamsindikiza hadi garini akijaribu kuyafunika yaliyotokea kwa shukrani. Daktari anakataa hata sifa ya kuokoa maisha, anasema kwamba Harry anahitaji mapumziko tu, na anaondoka. Adabu ya Timber ni adabu ya mtu anayetaka aibu ipite, asiyetaka haki itendeke. Msomaji anaachwa amesimama kando yake, na hawezi kujitenga naye kwa urahisi.

Mwandishi yuleyule, basi, aliuona ubaguzi wa mkoloni India kwa jicho kali, na miaka minne awali alikuwa ameupita nchini Kenya bila kugeuza shingo. Tofauti haielezeki kwa kusema kwamba alikuwa mwema katika hadithi moja na mwovu katika nyingine. Inaelezeka katika usimulizi. Ganderbai yupo chumbani, ana mikono, ana taaluma, na tusi linapotamkwa lina mtu wa kulipokea. Mtoto wa Kikikuyu hayupo, kwa hiyo singizio linapita hewani. Kwa mwandishi mwenye inda, kuwepo kwa anayeumizwa ndiko kunakoigeuza inda kuwa kejeli yenye maadili. Asipokuwepo, inda hubaki kuwa mazoea tu ya jamii iliyomlea mwandishi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba historia ya kuzisoma hadithi fupi za Dahl imepitia burudani, swali la Afrika, na hukumu juu ya mwandishi. Kila awamu ilikuwa na haki ya swali lake. Udhaifu ulikuja pale swali moja lilipochukuliwa kuwa la kutosha. Anayezisoma kwa ajili ya miisho tu hamwoni mwanamke wa "The Great Switcheroo". Anayeisoma "An African Story" kama tusi tu hauoni ufundi unaofanya tusi lipite bila kutambulika, na kwa hiyo hatalitambua likipita kwingine. Naye anayeanzia mwaka 1983 hatajua la kufanya na Drioli wala Ganderbai.

Kwa walimu wa fasihi katika vyuo vya Afrika Mashariki, pendekezo ni kwamba "Poison" na "An African Story" zisomwe pamoja, tarehe zake zikiwa mezani, na mwanafunzi aulizwe katika kila hadithi ni nani anayelengwa, ni nani anayelipa, na ni nani asiyekuwepo. Uchunguzi wa namna hiyo ungefaa pia kuelekezwa kwenye hadithi fupi za Kiswahili zenyewe, ambamo mtumishi wa nyumbani, mlemavu na mke mwenza aghalabu hubeba mzigo wa kicheko bila kupewa nafasi ya kujibu.